Mashimo ya Mkumbi Yalinirudishia Sala

Ndoa yetu ilikuwa imeingia kimya, na mimi nilikuwa nimeacha kusali. Wiki mbili kwa wakwe zangu, kule Mbinga na ufukweni mwa Ziwa Nyasa, zilinifungua macho.

Msomaji, hebu jiulize: ni lini mara ya mwisho ulitazama kitu ambacho hakikutengenezwa na binadamu, ukakitazama kwa zaidi ya dakika moja? Sisemi picha kwenye simu. Nasema mti wenyewe, mto wenyewe, anga lenyewe la usiku.

Kwa sisi tunaoishi mjini jibu huwa linatia aibu. Siku inaanza kwa kengele ya simu, inaendelea kwenye foleni, inaishia mbele ya kompyuta au runinga. Jumapili tunakwenda kanisani, tunakaa karibu na spika inayopasua masikio, tunatoa sadaka, tunawahi nyumbani kufua. Maisha yakiwa mazuri, imani ya namna hiyo inatosha kabisa. Tatizo ni pale linapotokea jambo zito. Ndipo unachota kisimani na ndoo inapanda tupu.

Mimi si mchungaji wala mtaalamu wa dini. Ni mhasibu, mtoto wa Muheza, niliyelelewa Kianglikana. Mume wangu ni Mmatengo wa Mkumbi, wilayani Mbinga, Mkatoliki kutoka tumboni mwa mama yake. Tulikutana Dar es Salaam, tukapendana, tukaoana. Ninachotaka kukusimulia ni jinsi maajabu ya Mungu katika uumbaji yalivyotufikia tukiwa hatuna tena maneno ya kumwambia, wala ya kuambiana.

Kimya kilichohamia nyumbani kwetu

Ndani ya miaka miwili tulipoteza mimba mbili. Ya kwanza ilikuwa ya wiki kumi na moja. Ya pili ilikuwa imefika mwezi wa tano, tumeshaanza kubishana kuhusu jina.

Madaktari husema kati ya kila mimba 100 ambazo mama anajua anazo, kama 10 hadi 20 huharibika. Yaani ni jambo la kawaida kuliko tunavyolizungumza. Lakini takwimu haikushiki mkono saa nane za usiku. Na watu, kwa nia njema kabisa, wanakuja na maneno yao. "Mungu ana makusudi yake." "Mtapata mwingine, bado vijana." Unaitikia, unawapa soda, wanaondoka.

Mume wangu alijificha kwenye kazi. Mimi nilijificha kwenye usafi wa nyumba; nilikuwa napiga deki sakafu ambayo tayari inang'aa. Tulikuwa tunaulizana mambo ya luku na gesi tu. Kuhusu Mungu, sikuacha kuamini kwamba yupo. Nilichoacha ni kuzungumza naye. Alikuwa kama mtu mnayeishi naye nyumba moja, mnapishana kwenye korido, kila mmoja anamkwepa mwenzake. Na ukweli ni kwamba hivyo hivyo ndivyo nilivyokuwa nikiishi na mume wangu.

Machi 2024 mama mkwe alipiga simu. Hakuuliza maswali. Alisema tu kwamba maharage yanatakiwa kupandwa, mikono haitoshi, na Pasaka inakuja. Tukachukua likizo, tukapanda basi. Kutoka Dar mpaka Songea ni karibu kilometa elfu moja, halafu kuna kama kilometa mia nyingine mpaka Mbinga, ndipo unageuka kuelekea vijijini. Njia nzima tuliongea labda mara tatu.

Shamba lenye mashimo

Kama hujawahi kuona mashamba ya Umatengo, jaribu kufikiria sega la nyuki lililotandazwa juu ya mlima. Mteremko mzima una vishimo vya mraba, kimoja kando ya kingine, kila kimoja kama mita moja na nusu kwa upande. Vinaitwa ngoro. Wazee husimulia kwamba Wamatengo walibanwa huku milimani na vita vya Wangoni katika karne ya 19, wakalazimika kulima miteremko mikali ambayo mvua moja ingetosha kuizoa udongo wote. Wakabuni ngoro. Miaka ya 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, pamoja na wenzao kutoka Japani, walikuja kuuchunguza ufundi huu, maana vitabuni haukuwepo kwa wingi.

Kazi yenyewe iko hivi. Kwanza mnakata majani marefu yaliyoota wakati shamba limepumzika. Yakishanyauka, mnayapanga kwa mistari inayokatana, mpaka mteremko unakuwa kama daftari la hesabu. Halafu mnachimba udongo katikati ya kila mraba na kuyafukia majani. Pale palipofukiwa panakuwa tuta, na katikati panabaki shimo. Maharage yanapandwa juu ya tuta. Mvua ikinyesha, maji hayakimbii. Yanaingia shimoni, yanatulia, yanazama taratibu, na udongo wenye rutuba unabaki humo humo.

Kimila wanaume ndio wanaokata majani na wanawake ndio wanaochimba. Kwa hiyo mume wangu alikuwa juu na nyengo, mimi chini na jembe, pembeni ya mama mkwe. Mikono yangu ya ofisini ilianza kutoa malengelenge kabla ya saa nne asubuhi.

"Mama," nikamuuliza, "si ingekuwa rahisi kuyachoma haya majani?"

Alicheka. "Ukiyachoma, mkamwana, unapata majivu ya siku moja. Ukiyafukia, unapata maharage sasa na mahindi mwishoni mwa mwaka. Majani yanaoza huko chini. Wewe huyaoni, lakini yanafanya kazi."

Tukaendelea kuchimba. Baada ya muda, bila kuinua kichwa, akasema: "Mimi nimezika wawili. Wa kwanza aliishi siku tisa. Mpaka leo Mungu hajaniambia kwa nini. Lakini mwezi wa tatu ukifika, nachukua jembe."

Sikuwa na la kujibu. Nilichoona ni mume wangu, hatua chache juu yetu, amesimama na nyengo mkononi. Alijua kuhusu ndugu yake mmoja aliyefariki utotoni. Huyo wa siku tisa alikuwa hajawahi kumsikia.

Usiku ule, kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi, mume wangu alilia mbele yangu. Alisema alikuwa anaogopa kwamba akilia, mimi nitazama zaidi. Mimi nikamwambia nilidhani halii kwa sababu hakuumia. Dada yangu unayesoma hapa, na wewe kaka: ni mara ngapi tunamhukumu mwenzetu kwa machozi ambayo ameyaficha kwa ajili yetu?

Mama mwenye watoto mdomoni

Katikati ya Juma Kuu tulishuka ziwani kumsalimia mjomba wake Mbamba Bay. Kutoka Mbinga mjini ni kama kilometa 66, na njia inateremka kutoka kwenye baridi ya milimani mpaka kwenye joto la pwani ya ziwa. Ghafla milima inaachia na unaona maji mpaka macho yanachoka.

Ziwa Nyasa ni la tatu kwa ukubwa Afrika. Kina chake kinafika kama mita 700. Ndani yake wanasayansi wanakadiria kuna aina 700 hadi 1,000 za samaki wa ukoo mmoja na perege, wengi wao hawapatikani popote pengine duniani. Wapo wa bluu, wa njano, wenye mistari. Ndio wale ambao watu wa Ulaya na Marekani huwafuga kwenye matangi ya vioo sebuleni.

Mjomba alitupeleka kwa mtumbwi kwenye miamba, mahali maji ni maangavu kiasi kwamba unahesabu mawe chini. "Tazama huyo," akanionyesha. Alikuwa samaki mmoja, na mbele yake vichembe vidogo vinachezacheza. Kivuli cha mtumbwi kilipowafikia, mama akafungua mdomo na vichembe vyote vikaingia. Vikapotea kabisa.

Mjomba akaeleza kama mtu anayeeleza jambo la kila siku. Wengi wa samaki hawa hutunza mayai mdomoni mpaka yaanguliwe, na wengine huendelea kuwapokea watoto wakiona hatari. Mama anaweza kukaa hivyo wiki tatu hivi, na muda wote huo hali, au anakula kidogo mno.

Unadhani nilimsifu Mungu palepale? Hapana. Nilikasirika. Samaki mdogo kama kiganja amepewa mahali pa kuwaficha watoto wake, na mimi je? Nilikaa kwenye mtumbwi nikiwa nimefunga taya, huku uzuri wote ule umenizunguka.

Lakini jioni niligundua kitu. Hasira yenyewe nilikuwa nimeielekeza kwa mtu. Nilikuwa namsemesha. Baada ya miezi ile yote ya kupishana kwenye korido, nilikuwa nimesimama mbele ya Mungu na kumwuliza swali.

Alichojibiwa Ayubu

Usiku ule nilifungua kitabu cha Ayubu kwenye simu. Hadithi yake unaijua: mtu mwema anapoteza mali, watoto na afya, marafiki wanakuja na maelezo marefu, naye anadai Mungu mwenyewe aje ajieleze. Kuanzia sura ya 38 Mungu anakuja kweli. Ajabu ni kwamba haelezi chochote kuhusu watoto waliokufa. Badala yake anamtembeza Ayubu duniani: misingi ya nchi, milango ya bahari, ghala za theluji, Kilimia na nyota nyingine, simba, kunguru. Na mwanzoni mwa sura ya 39 anamwuliza kama anajua majira ya mbuzi wa milimani kuzaa, kama amewahi kuihesabu miezi ya mimba zao.

Nilisoma hapo mara nne. Mungu alijua kwamba mimba zinahesabiwa kwa miezi. Zamani niliichukulia sehemu hii kama Mungu anamnyamazisha Ayubu. Safari hii niliisoma kama mtu anayemshika mkono mwenye msiba na kumtoa nje ya chumba chenye giza. Ayubu hapewi sababu. Anapewa Mungu mwenyewe, na dunia ambayo ni kubwa kuliko maumivu yake lakini haiyadharau.

Hata hivyo nisikudanganye. Maajabu ya asili peke yake hayatoshi. Ziwa lile lile lenye samaki wazuri lina mawimbi yanayozamisha mitumbwi, na samaki wale wazuri wanakula watoto wa wenzao. Ukimtafuta Mungu kwenye asili tu, unaweza kurudi na mungu mwenye nguvu nyingi na huruma ya kubahatisha. Mimi nilihitaji kujua zaidi kwamba ananipenda.

Usiku wa Kilimia

Jumamosi Kuu ilikuwa tarehe 30 Machi. Tulikuwa tumerudi Mkumbi. Jioni mawingu yalifunguka, na mwezi ulikuwa bado haujapanda. Tukakaa nyuma ya nyumba, mbali na taa, tukisubiri muda wa kwenda kanisani.

Mume wangu alinionyesha Kilimia upande wa magharibi, kile kishada kidogo cha nyota kinachofanana na vumbi la almasi. Jina lake linatokana na kulima. Bibi yangu kule Muheza alikuwa na msemo: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Maana yake, kila mwaka kinapotea machoni kwa wiki kadhaa, watu wanadhani kimekwenda, halafu kinatokea tena alfajiri na majira mengine. Nilimweleza pia nilichowahi kusoma: mwanga wa nyota zile unasafiri kama miaka 440 kutufikia. Mwanga tuliokuwa tunautazama ulianza safari kabla Wareno hawajaanza kujenga Ngome ya Yesu kule Mombasa mwaka 1593. Tulikaa kimya. Kilikuwa kimya tofauti na kile cha Dar. Hiki tulikuwa ndani yake pamoja.

Halafu tukaenda kwenye Mkesha wa Pasaka. Kama wewe si Mkatoliki au Mwanglikana, nikueleze: moto unawashwa nje gizani, mshumaa mmoja unawashwa kutoka kwenye moto huo, na watu wanaingia kanisani wakipokezana mwanga. Na somo la kwanza kabisa ni uumbaji: nuru, maji, nyota, samaki, wanyama. Kanisa linaanza kwa kukutembeza duniani, kama Mungu alivyofanya na Ayubu. Kisha linakupeleka kaburini, na kaburi liko wazi.

Hapo ndipo mambo yalipokutana kichwani mwangu. Nilikuwa nimeshinda wiki nzima nikifukia majani kwenye mashimo. Yesu mwenyewe alifananisha kifo chake na mbegu inayoanguka ardhini. Yule aliyeziweka nyota hakubaki juu akituuliza maswali. Alishuka mpaka shimoni, akafukiwa na sisi, na alikokuwa hakuonekana kulikuwa kunafanyika kazi. Ngoro haikunithibitishia hilo. Nililipata katika Injili. Lakini ngoro ilinipa macho ya kuliona.

Tulisali wawili usiku ule, njiani tukirudi. Sala yenyewe ilikuwa fupi mno. Mume wangu alisema, "Baba, tupo." Mimi nikasema amina.

Je, si kuabudu miti?

Najua wapo watakaosema mambo haya yanakaribia ushirikina. Wengi tumelelewa kuogopa misitu na mapango kwa sababu ya matambiko. Lakini kumshangaa fundi kwa kazi yake si kuiabudu kazi. Zaburi ya 104 yote ni mshangao wa namna hiyo, na Yesu aliwaambia wenye hofu watazame ndege na maua. Mwaka 2015 Papa Fransisko alitoa waraka mzima, *Laudato Si'*, kuhusu dunia kama nyumba yetu ya pamoja.

Profesa Wangari Maathai wa Kenya, Mkatoliki aliyeanzisha Green Belt Movement mwaka 1977 na kupata Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004, alisimulia kwamba utotoni mama yake alimkataza kuokota kuni kwenye mti wa mugumo karibu na kwao, kwa kuwa ni mti wa Mungu. Baadaye, aliporudi kutoka masomoni Marekani, alikuta mti umekatwa na kijito kilichokuwa karibu nao kimekauka. Heshima ile ya wazee ilikuwa inalinda maji.

Na kama unadhani mshangao ni wa watu wasiosoma, muulize Francis Collins, daktari wa Marekani aliyeongoza mradi wa kusoma vinasaba vyote vya binadamu. Hakuwa mwamini. Maswali yalianza hospitalini, alipoulizwa na mgonjwa mzee anaamini nini, yakampeleka vitabuni. Lakini anasimulia kwamba kilichomvusha, akiwa na umri wa miaka 27, ni maporomoko ya maji yaliyoganda kwa barafu aliyoyakuta milimani.

Kwa ninyi wawili

Mtauliza, je, tumepata mtoto? Mpaka ninapoandika haya, bado. Tunaendelea kumwona daktari, na kuna siku nzito. Lakini tunaongea, na tunasali. Mimi kwangu hilo ndilo tumaini: kuweza kuchimba na kupanda kabla hujaona kitu.

Kama nyumbani kwenu kumeingia kimya, jaribuni haya:

- Tafuteni giza. Kilimia huonekana vizuri jioni kuanzia Novemba mpaka Aprili. Zimeni taa, wekeni simu ndani, tokeni nje.
- Shikeni udongo pamoja. Si lazima shamba. Hata makopo matatu ya mchicha kwenye baraza. Mikono ikiwa na kazi, mdomo hufunguka wenyewe.
- Wasikilizeni wazee. Huenda kuna huzuni katika familia yenu ambayo hamjawahi kusimuliwa, na ndani yake kuna nguvu mnayoihitaji.
- Someni Ayubu 38 hadi 41 kwa sauti, mkiwa nje. Gawaneni sura. Msitafute maelezo, tazameni tu.
- Msifunike maumivu kwa mandhari. Ziwa si dawa ya msongo wa mawazo. Daktari, mshauri na mchungaji bado wana kazi yao.

Na mkishatoka nje, msiharakishe kuongea. Tazameni kwanza. Mkishatosheka, mmoja wenu ataanza.